Msimpime Mtu Mzima kwa Mtihani wa Mtoto

Mahindi yakifikishwa kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao mjini Kitale, mkulima haulizwi kama yamekauka. Yanapimwa. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, mzigo hurudi kuanikwa, hata mwenyewe akiapa kwa jina la babu yake. Lakini mkulima huyo huyo akijiunga na masomo ya Kiingereza ya mbali, yale ya kujisomea kijitabu na kusikiliza sauti za mwalimu kwenye WhatsApp, mara nyingi mwisho wa kozi huulizwa tu: "Mzee, sasa Kiingereza umekijua?" Naye kwa adabu hujibu kwamba amekijua. Mwalimu huandika kuwa amekijua. Cheti huchapishwa, picha hupigwa, na siku ya tatu mzee yuleyule anampelekea mjukuu simu amsomee ujumbe.

Masomo ya mbali si jambo geni kwetu. Wazee wa leo wanayakumbuka makoleji ya posta, Rapid Results na British Tutorial, ambayo bahasha zake ziliwafikia makarani na walimu mpaka vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo cha Nairobi, kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilifungua kitengo chake cha masomo ya posta huko Kikuyu, na masomo yakasaidiwa na vipindi vya redio ya Sauti ya Kenya. Wanafunzi wa wakati ule walikuwa na lengo moja lililo wazi, nalo ni kufaulu mtihani wa serikali ili wapande cheo. Kwa hiyo kuwapima kwa mtihani wa serikali kulikuwa haki kabisa.

Mwanafunzi wa leo wa Kiminini au Kamukuywa ana haja nyingine. Hatafuti cheo cha ualimu. Ana miaka arubaini au hamsini, anauza mitumba au ana ekari mbili za mahindi, na anataka asidanganywe. Kosa letu ni kumchukulia haja yake mpya na kuipima kwa rula ya zamani: jaza nafasi, geuza sentensi iwe ya wakati uliopita, taja wingi wa nomino hii. Anapata alama 70, na bado hawezi kumjibu mteja anayempigia simu kutoka Nairobi.

Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza mwaka 2004 katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84, alisema anataka kujisomea Biblia na kuhesabu pesa zake. Ulimwengu mzima ulimshangilia kwa umri wake. Mimi namsifu kwa kulitaja lengo lake waziwazi, kwani lengo la namna ile hupimika kwa dakika kumi: mpe Biblia, mpe noti, msikilize.

Kwamba neno la mtu halitoshi, ushahidi tunao. Mwaka 2006 serikali ilifanya uchunguzi wa taifa kuhusu kusoma na kuandika kwa watu wazima, na matokeo yakatolewa mwaka uliofuata. Safari hiyo watu hawakuulizwa tu kama wanajua kusoma. Walipewa maandishi wakasoma na kujibu maswali. Ikaonekana kuwa asilimia 61.5 ndio waliofikia kiwango cha chini, na watu wapatao milioni 7.8 hawakukifikia. Ipo takwimu nyingine katika ripoti ile ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Waliofikia kiwango cha kumwezesha mtu kusoma kwa manufaa walikuwa asilimia 29.6 tu. Yaani zaidi ya nusu ya wale tuliowahesabu kuwa wasomaji walikuwa wamesimama mlangoni.

Sasa tazama jinsi tunavyopima mazungumzo. Katika mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na nusu ya alama hizo ni za stadi za mazungumzo. Stadi hizo hupimwa kwa kalamu! Mtahiniwa huandika neno gani linatamkwa sawasawa na jingine, huandika angejiandaaje kwa mahojiano, huandika angesema nini kwenye simu. Hakuna amsikiaye akifungua kinywa. Silaumu Baraza la Mitihani. Watahiniwa ni mamia ya maelfu, na kumsikiliza kila mmoja si kazi ndogo. Lakini kituo cha watu wazima chenye wanafunzi thelathini, kina kisingizio gani?

Katiba yetu ya zamani, iliyoondoka mwaka 2010, ilikuwa na busara ambayo walimu wangeiazima. Ilimtaka mgombea ubunge aweze kusema Kiswahili na Kiingereza, na kuzisoma lugha hizo kama si kipofu, kwa kiasi cha kumwezesha kushiriki shughuli za Bunge. Haikutaja alama wala daraja. Ilitaja kazi. Kama wabunge walipimiwa kazi yao, kwa nini mama wa Chwele apimiwe kazi ya mtoto wa darasa la sita?

Basi kazi yenyewe ni ipi? Tuseme ukweli. Toka Bungoma upitie Webuye, Misikhu na Kamukuywa hadi Kitale, mtu anaweza kulima, kuuza, kuoza binti na kuzika bila kuhitaji sentensi moja ya Kiingereza. Kiswahili kinatosha, Lubukusu kinatosha, na kule Mlima Elgon Kisabaoti kinatosha. Kiingereza humjia mtu wa huku kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Humjia kwenye simu, kwenye pakiti ya mbegu, kwenye fomu ya mkopo, kwenye barua ya shule ya bweni, kwenye hati ya korti. Masikioni humjia mara chache, ila mara hizo ni nzito: mahojiano ya kazi, daktari mgeni, mnunuzi wa mbali, mtalii aliyekuja kumtazama mnyama nzohe katika mbuga ya Saiwa. Kitabu cha mazungumzo kilichotungwa Uingereza humfundisha jinsi ya kukata tiketi ya treni ya London. Atakapoihitaji tiketi hiyo, Mungu amjalie. Kwa sasa asipimwe kwayo.

Nianze na kusoma, maana hapo ndipo udanganyifu mkubwa ulipo. Wapo wazee wanaosoma somo la Jumapili kwa Kiingereza, sauti ya kupendeza, vituo mahali pake, na ukiwauliza maana watakuelekeza kwa mhubiri. Kusoma kwa sauti si kuelewa. Chukua ujumbe wa M-Pesa ulioandikwa kwa Kiingereza. Ni mistari michache tu: nambari ya muamala, neno la kuthibitisha, kiasi, jina, tarehe na saa, kisha salio jipya. Mpe mwanafunzi ausome kimya. Halafu muulize, kwa Kiswahili ukitaka: pesa zimeingia au zimetoka? Zimetoka kwa nani? Kabla ya hapo salio lilikuwa kiasi gani? Kisha mwonyeshe ujumbe wa pili, wa matapeli, unaofanana na ule wa kwanza kama pacha, ila umetoka nambari ya kawaida ya simu, na baada yake mtu anapiga akilia kwamba amekosea kutuma, arudishiwe. Muulize ujumbe huu una kasoro gani. Mwanafunzi akiitambua kasoro, mpe cheti siku hiyo hiyo. Asipoitambua, alama zake za sarufi hazitamrudishia pesa zake.

Baada ya hapo mpe pakiti ya mahindi ya H614 kutoka duka la pembejeo. Juu yake pana lebo ya kukwangua; nambari iliyofichwa hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili ijulikane kama mbegu ni halali. Mwache afuate maagizo mwenyewe mpaka jibu lirudi, kisha akwambie jibu limesema nini. Mpe na fomu ya mkopo, akuonyeshe kwa kidole palipoandikwa riba, siku ya kulipa, na litakalompata dhamana yake akichelewa. Wapo watakaoniuliza kwa nini mwandishi wa Kiswahili ahangaikie Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Wamesema kweli. Ila fomu ya mkopo haijaisoma Katiba.

Upimaji wa namna hii si ndoto. Mwaka 2009 mradi wa Uwezo ulianza kuwapima watoto wa Kenya, kisha wa Tanzania na Uganda, nyumbani kwao, mmoja mmoja, kwa karatasi chache tu: herufi, maneno, aya, hadithi. Mtoto alipopanda hadi ngazi inayomshinda, mpimaji aliandika ngazi ya juu kabisa aliyoiweza. Njia hiyo tuichukue. Maandishi yao tuwaachie watoto; mtu wa miaka hamsini ukimpa kisa cha sungura na fisi umemtukana.

Upande wa mazungumzo, simu inatosha, tena kabambe ya kubonyeza. Anayepiga asiwe mwalimu wake, maana mwalimu amekwisha kuizoea sauti yake na humwelewa hata pasipoeleweka. Awe mtu asiyemjua, na saa ya kupiga iwe imekubaliwa mapema. Na mpimaji asianze na "jitambulishe", kwa sababu hapo kila mmoja amekariri. Amwambie: niko stendi ya Kitale, nielekeze hadi dukani kwako. Amwulize bei, abishane naye kidogo. Kisha amsomee ujumbe mfupi kwa Kiingereza, kwa mfano kwamba mkutano wa wazazi umesogezwa hadi Alhamisi na kila mtu aje na kitambulisho, na amwombe aufikishe kwa Kiswahili kama anavyomwambia jirani. Hapo utajua alichosikia. Mahali fulani katikati mpimaji aseme jambo harakaharaka makusudi, anyamaze, angoje. Anayejua kuomba arudiwe, tena kwa Kiingereza chenye heshima, ana faida kubwa kuliko anayezijua nyakati zote za kitenzi na kukaa kimya.

Lafudhi isikatwe alama hata moja. Wachekeshaji wa televisheni wametengeneza riziki kwa kuiga lafudhi ya Kibukusu, na riziki ni ya Mungu, lakini mpimaji hakuajiriwa kucheka. Swali lake ni moja: mtu asiye wa huku ameelewa au hakuelewa?

Nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kwa simu watadanganya, binti atakaa kando akinong'ona majibu. Pengine. Lakini binti hawezi kunong'ona njia ya kufika dukani upesi kuliko mwenye duka, na anayeiba katika mtihani usiompa kazi wala cheo amejiibia mwenyewe. Ya pili ni nzito zaidi: kwamba mtihani unamwaibisha mtu mzima, na akiaibika haji tena. Hii naikubali nusu. Walimu wa ngumbaru wamewaona wanaotoweka baada ya karatasi ya kwanza. Lakini kinachoaibisha ni desturi zetu za mtihani: majina kubandikwa ukutani, wa kwanza na wa mwisho, mama wa watoto sita kusomewa alama 23 mbele ya rika la binti yake. Hayo yote yaondoke. Matokeo apewe yeye peke yake, kwa sentensi badala ya alama: unaweza kusoma ujumbe wa pesa na kuutambua wa uongo; bado huwezi kupokea maelekezo marefu kwa simu. Hata Baraza la Ulaya, lilipotoa viwango vyake vya lugha mwaka 2001, kutoka A1 hadi C2, liliviandika kwa kueleza mtu anaweza kufanya nini.

Tena mtu apimwe mara mbili, kabla na baada. Aliyeingia akijua na akatoka akijua, kozi imemfanyia nini zaidi ya kumla karo? Wenye kozi wengi hawaupendi mtihani wa mwanzo, na nadhani sababu yake si gharama. Tarehe nazo zipangwe na mtu anayeijua ardhi. Trans Nzoia hupanda Machi na Aprili, na kuanzia Oktoba ni mavuno. Anayeitisha mtihani wiki ya kwanza ya mvua atampima nani? Na simu apige mpimaji. Msimmalizie mwanafunzi salio lake.

Enyi walimu na wenye vituo, kazi hii haihitaji fedha za wafadhili. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko hapo hapo Bungoma na kinafunza walimu. Vijana hao wanahitaji mazoezi, na wazee wenu wanahitaji sauti ngeni ya kuwapigia. Wakutanisheni. Nawe mwanafunzi, kabla hujalipa karo ya kozi yoyote ya Kiingereza, muulize mwenye kozi maswali matatu: utanipima lini, nani atanisikiliza nikizungumza, na mwisho utaniandikia kwamba ninaweza kufanya nini? Akianza kukueleza jinsi cheti kinavyong'aa, weka pesa yako mfukoni uende kwingine.