Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: kaswende ambayo sikuwa nayo

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Sindano za penisilini nilizochomwa katika kliniki yako ya wajawazito zimefanya kazi nzuri sana: kaswende ambayo sikuwahi kuwa nayo imepona kabisa. Ahsante.

Malalamiko yangu uliyajibu kwa barua yenye mhuri, kwamba ugonjwa wangu, sindromu ya antifosfolipidi, ni adimu na mgeni. Mgeni tangu lini? Graham Hughes na wenzake wa London waliueleza mwaka 1983.

Siku kipimo changu cha kaswende, VDRL, kiliposoma chanya, mtoto alikuwa anacheza tumboni. Mimba zangu zilizotangulia ziliharibika, na kadi iliyosema hivyo muuguzi wako aliifungua mbele yangu. Mimba kuharibika mfululizo, kisha VDRL chanya kwa mtu asiye na dalili: aliyesomea uganga alipaswa kusita hapo. Kipimo hicho hakitafuti kimelea cha kaswende. Hutumia kadiolipini, mafuta yaliyozoeleka kutolewa kwenye moyo wa ng'ombe, na mwenye sindromu hiyo ya antifosfolipidi ana kingamwili zinazoyashambulia mafuta hayo hayo. Ndiyo maana majibu chanya huhakikiwa kwa kipimo kingine, TPHA, au kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni ambacho hata zahanati hukitumia. Hospitali yako ya rufaa haikuhakiki. Iliniambia nimlete mwenzi wangu.

Mwenzi alikuja, akapimwa, akakutwa hana kitu, akapiga hesabu zake na kuondoka. Hayo ni ya nyumbani kwangu, nisikusumbue nayo.

Lakini mtoto alikuwa anacheza. Wajawazito wenye sindromu hii hupewa aspirini ya dozi ndogo, dawa ya bei ya kutupwa, pamoja na sindano za heparini, na wengi wao hujifungua watoto hai. Mimi nilipewa penisilini na mahubiri juu ya uaminifu. Mtoto alikuwa anacheza mnanihubiria. Alikuwa anacheza mnamsubiri mume wangu. Kisha akapungua kucheza, akaacha.

Jina la ugonjwa nililipata baada ya kumzika, mguu wangu ulipovimba kwa donge la damu na daktari wa hospitali nyingine akaisoma kadi ile ile. Damu ilipimwa, ikarudiwa baada ya wiki 12 kama inavyotakiwa, ikatoka chanya tena. Sasa nameza wafarini, na INR yangu, kipimo cha kuganda kwa damu, inapaswa kukaa kati ya 2 na 3. Nikija kwako kuipima, kitendanishi kimeisha. Nacho ni adimu na kigeni?

Nataka VDRL chanya ihakikiwe kabla ya kumwita mume wa mtu. Nataka mwanamke yeyote aliyepoteza mtoto asiye na kilema baada ya wiki ya 10 apimwe kingamwili za sindromu hii, asiambiwe ni mipango ya Mungu. Na Wizara ya Afya isijifiche nyuma yako: tumezoea mfumo unaomhoji mama mjamzito kama mtuhumiwa, na mtoto akifa unamwambia awe na subira.

Faili langu bado linasema nina kaswende. Lifuteni neno hilo, kwa maandishi, na nakala nipewe mkononi.