Kabla Kamera Haijalia

Bila shaka umeyaona yale maduka madogo ya nguo pale Moi Avenue, Nairobi, yaliyobanana hata wateja wawili hawapishani. Humo humo ndimo wanamitindo, wengi wao wanafunzi, wanamopigiwa picha.

Kazi yenyewe haina makuu. Nguo husogezwa upande mmoja, mwanamitindo akasimama karibu na mlango apate mwanga wa jua, na taa za ndani zikazimwa zisibadilishe rangi ya kitambaa. Leso ikitungikwa pembeni, huwa chumba cha kubadilishia nguo.

Matata huja baadaye. Tuseme binti ameahidiwa rinda moja kwa kazi ya siku moja. Mwaka wa pili huu, sura yake ingali inauza nguo!

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu picha ya mtu kutumiwa kibiashara bila idhini yake. Aliye chini ya miaka 18 huombewa idhini kwa mzazi. Mnamo 2023, jumba moja la burudani Nairobi lilitozwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake.

Basi andikianeni kwanza: malipo ni kiasi gani, picha zitatokea wapi, na hadi lini. Nawe mwenye duka usinune, karatasi hiyo ni kinga yako pia.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Sura yako nayo ni mali.