Maji ya fedha si dawa ya kunywa

Msomaji, huenda umewahi kushawishiwa ununue kichupa cha maji ya fedha, ukaambiwa kwamba yanatibu kila ugonjwa. Fedha hii si ile ya mfukoni bali ya bangili na mikufu, ikiwa katika chembe ndogo mno ziitwazo chembe za nano. Kwa kawaida chembe moja haizidi nanomita 100, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mara nyingi chembe hizi hutengenezwa ndani ya maji yenye kemikali. Siku hizi iko pia njia kavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walisaga chumvi ya fedha pamoja na lignini, kitu kinachopatikana katika miti. Unga huo hugongwa kinuni hadi chumvi igeuke kuwa chembe za fedha, bila kuyeyushwa kwanza. Naipongeza njia hii kwa kuwa hupunguza uchafu wa kemikali.

Hata hivyo, usidanganyike. Utengenezaji safi haufanyi fedha kuwa dawa ya kunywa. Mwaka wa 1999, FDA, idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, iliamua kwamba dawa za aina hii zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari hazikuwa zimethibitishwa kuwa salama wala kuwa zinatibu. Anayekunywa fedha kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu au samawati, na kwa kawaida rangi hiyo haitoki tena.

Sisemi kwamba fedha haina faida. Krimu yenye fedha hupakwa majeraha ya moto, na vichujio vya udongo hutiwa fedha ili kuua viini vilivyomo majini. Lakini hapo kiasi hupimwa. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yanaweza kuwa na hadi miligramu 0.1 ya fedha kwa lita bila madhara.

Kwa maoni yangu, yafaa Bodi ya Dawa na Sumu iwabane wanaouza vichupa hivi kama tiba. Nawe muulize muuzaji: dawa hii imesajiliwa? Ina fedha kiasi gani? Akibabaika, iache fedha yako mfukoni, uende ukamwone daktari.