Fundi Kijana Naye Anastahili Ujira wa Haki

Kijana wa jumuiya yetu amemaliza mafunzo ya umeme VETA na ameanza kujitegemea. Tunamwita atufungie umeme nyumbani, parokiani au hapa seminarini. Tukimuuliza bei, anajibu kwa aibu: "Nipeni mtakachoona." Nasi tunaona kidogo, kwa sababu ni "mtoto wetu".

Hapo tunakosea. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Ni lazima umtoshe mfanyakazi kuishi. Fundi aliyejiajiri halipwi siku asiyopata kazi, wala akiugua. Siku hizo, pamoja na nauli na vifaa vyake vinavyochakaa, lazima zilipwe na kazi anayoipata.

Kwa hiyo, vijana, pigeni hesabu hiyo kwanza, kisha tajeni bei kabla ya kushika bisibisi: gharama ya vifaa mbali, hela ya ufundi mbali. Nasi waamini, kama hali ni ngumu, tuseme wazi. Tusijifiche nyuma ya undugu. Fundi akitaka kutoa sadaka, aitoe mwenyewe. Tusimtolee sisi kutoka mfukoni mwake.