Wauguzi wanafunzi wafike mwambao





Binti niliyemfundisha darasa la saba alisomea uuguzi, akapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mazoezi yake yote alifanyia hospitali kubwa, daktari yu karibu. Kazi ya kwanza akapangiwa zahanati ya mwambao, kusini mwa Ujiji. Usiku mmoja mama alishikwa na uchungu, ziwa limechafuka, boti haiwezi kwenda Hospitali ya Maweni. Mama alijifungua salama, lakini binti aliniambia: "Mwalimu, sikuwa na wa kumwuliza."

Nashauri vyuo viwapeleke wanafunzi zahanati kama hizi kwa majuma kadhaa, chini ya muuguzi mzoefu. Kupiga kasia hakufunzwi siku ya dhoruba.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kigoma.