Boti ikilazwa, tangi lijazwe

Kuna ubishi ambao huku Dar huwezi kuusikia kijiweni hata ukae mpaka saa nane za usiku: boti ikilazwa kupisha majira ya baridi, tangi la petroli liachwe limejaa au likaushwe? Minnesota, kule Marekani, ubishi huo unarudi kila mwezi wa kumi, na watu wazima wananuniana kwa sababu yake. Mimi nimeingizwa na binamu yangu anayefanya kazi kwenye yadi ya boti huko. Mhariri wangu hawezi kunipa hata aya moja kwa jambo hili, kwa hiyo nalileta hapa kwenye uwanja wangu mwenyewe. Msimamo wangu nautoa mapema: lijazwe.

Kwa wasioijua Minnesota, ni jimbo linalojisifu hadi kwenye vibao vya magari kwamba lina maziwa 10,000 (kwa kweli ni zaidi). Baridi ikiingia maziwa yanaganda, na mengi hayafunguki mpaka mwezi wa nne hivi. Boti inapandishwa kwenye trela, inafunikwa, inalala miezi sita. Kwetu pwani injini isiyowashwa miezi sita ujue imekufa, au mwenyewe kafilisika.

Petroli ikikaa muda wote huo inachacha. Sehemu nyepesi zinaruka, zinazobaki zinageuka gundi inayoziba vitundu vya kabureta. Hilo ni la siku zote. Jipya ni ethanoli. Sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 2005, na nyingine ya 2007 iliyopandisha kiwango, zililazimisha nishati ya mimea ichanganywe kwenye mafuta, na leo karibu petroli yote ya pampu za kawaida kule ina ethanoli asilimia 10, nyingi ya mahindi. Wakulima wamefurahi. Mwenye boti hakuulizwa.

Ethanoli inavuta maji kama chumvi ya mawe wakati wa masika. Petroli hiyo inaweza kubeba maji kidogo yaliyoyeyuka ndani yake bila shida. Yakizidi, ethanoli inaiacha petroli na kufuatana na maji, mchanganyiko huo unazama chini ya tangi, na huko chini ndiko mrija wa kunyonya mafuta ulikoelekezwa. Petroli iliyobaki juu nayo imepoteza oktani, kwa sababu ethanoli ndiyo iliyokuwa inaipandisha. Hakuna dawa ya chupa inayorudisha hali hiyo nyuma, hata muuzaji akuapie.

Sasa wadau, fanyeni hesabu na mimi. Kwenye joto la nyuzi 15 hivi, petroli ya ethanoli asilimia 10 inabeba maji kama asilimia 0.5 kabla ya kujitenga, na baridi ikizidi kiwango kinashuka. Tangi lenye lita 200 litavumilia karibu lita nzima ya maji. Tangi "lililokaushwa" lililobakiwa na lita 10 litavumilia mililita 50, yaani vijiko vitatu vya mezani na kitu kidogo.

Na hizo lita zitabaki tu. Kwenye boti nyingi tangi limejengewa chini ya sakafu, na mrija haufiki chini kabisa. Unanyonya mpaka unaona hakuna kinachotoka, unaenda kulala ukiamini tangi kavu, kumbe umeacha mashudu, na mashudu ndiyo yenye maji. Mafundi wengine wanasema unyevu wa hewa unaoingia kwa tundu la kupumulia ni kidogo, hofu imetiwa chumvi. Nakubali. Lakini mpira wa kifuniko cha kujazia ukichoka, mvua inaingia yenyewe, na vijiko vitatu si mvua nyingi.

Ila kinachonitisha zaidi ni mvuke. Petroli yenyewe haiwaki, unaowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi lililomwagwa limejaa huo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo ukitoka unatulia kwenye ngama. Halafu wenzetu wanafunika boti kwa nailoni nyeupe inayopashwa kwa tochi ya gesi mpaka ibane! Anayeishika hiyo tochi ni binamu yangu. Mtu akifyonza mafuta kwa pampu ya mkono jioni, yakamwagika, asubuhi yake kijana anapita na moto juu yake.

Upande wa pili wana hoja moja ninayoiheshimu: maghala mengine ya ndani hayataki boti zenye mafuta mengi, kwa hofu hiyo hiyo ya moto. Sawa, basi amwage fundi mwenye vifaa, tena nje penye hewa. Na yale matangi madogo ya kubeba mkononi, mafuta yake yamiminwe kwenye gari yatumike. Hapo sibishani na mtu.

Kwa wengine wote, jaza mpaka asilimia 95 hivi, ile tano ni nafasi ya mafuta kutanuka joto likirudi. Tia dawa ya kutunza petroli kabla ya kujaza ili ichanganyike, kisha washa injini kama dakika 10, ikiwa na maji ya kuipoza, mpaka mafuta yenye dawa yafike kwenye kabureta au nozeli. Badilisha filta inayotenga maji. Tundu la kupumulia usilizibe, tangi litashindwa kuhema. Mipira ya mafuta iliyozeeka ing'olewe, maana ethanoli inailainisha. Boti za dizeli zina kisa chao cha bakteria na kuvu wanaoota pale maji na dizeli vinapokutana. Hiyo siku nyingine.

Minnesota ina unafuu mmoja unaostahili kuigwa: sheria ya jimbo inaruhusu kuuza petroli ya daraja la juu isiyo na ethanoli kwa ajili ya boti, pikipiki na mitambo midogo. Ina bei zaidi. Binamu anasema watu wenye boti za maelfu ya dola wanaikwepa pampu hiyo kwa ajili ya senti chache kwa galoni, wengine wanasogelea ile ya asilimia 15, ambayo kisheria hairuhusiwi kwenye boti. Kibandiko cha rangi ya chungwa kipo pale pale kwenye pampu, kinasomeka vizuri tu.