Je, betri itavusha friji hadi asubuhi?

Huenda nawe una mzazi mashambani uliyemnunulia friji, na kila stima ikipotea moyo wako hukosa utulivu. Wangu yuko Kombewa, kando ya barabara itokayo Kisumu kuelekea Bondo. Mama ana kisukari, na dawa yake ya sindano hukaa kwenye friji pamoja na maziwa na mbuta wa Jumapili. Watu wa Kombewa wanaijua thamani ya baridi: ni huko, na pia Kilifi na Siaya, ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa humu nchini. Chanjo hiyo, sawa na dawa ya mama, hutaka nyuzi 2 hadi 8.

Basi nikampelekea betri ya amp-saa 100 na inveta. Hesabu niliifanya ndani ya matatu: volti 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Friji imeandikwa wati 100 mgongoni. Gawanya, upate saa 12. Nikamwambia mama alale bila wasiwasi.

Ijumaa, Agosti 25, 2023, mwendo wa saa nne kasorobo usiku, stima ilizimika karibu Kenya nzima. Ilipofika saa tisa usiku inveta ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotewa na mamake, kisha kimya. Zile saa 12 zangu zilikuwa tano na kitu.

Nilikosea wapi? Betri ya asidi haikaushwi. Ukitaka ikae miaka, tumia nusu yake tu, yaani wati-saa 600. (Ya lithiamu unaweza kuitumia asilimia 80 au zaidi, ila bei yake itakutoa jasho.) Inveta nayo ina mdomo: asilimia 10 hadi 15 hupotea kama joto. Kwa upande mwingine, friji haivuti wati 100 muda wote. Kompresa huwaka na kuzima. Kwa joto la kando ya ziwa, tuseme hufanya kazi nusu ya muda. Hiyo ni wati 50 kwa wastani, na ukiongeza hasara ya inveta, karibu 60. Gawanya 600 kwa 60: saa 10.

Sasa mbona ikafa kwa tano? Nilimpigia mama simu.

“Nyathina,” akaniambia, “ulitaka niwafukuze watu?”

Majirani walikuwa wameleta simu sita kuchajiwa, na ndugu yangu mdogo alitazama televisheni hadi karibu saa saba. Hesabu yangu haikuwa na majirani.

Ukitaka kujua ukweli wa friji yako, achana na yaliyoandikwa mgongoni. Kama mna mita ya tokeni, zima kila kitu isipokuwa friji, soma tarakimu, usome tena baada ya saa 24. Yuniti moja ni wati-saa 1,000. Ikiwa imekula yuniti 1.2, wastani wake ni wati 50. Najua, kukaa siku nzima bila televisheni ni vita na watoto. Chagua siku ambayo wako shuleni.

Kumbuka pia kwamba kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa muda mfupi sana. Inveta ndogo ya wati 150 itazimika papo hapo, hata betri iwe imejaa pomoni. Na mlango ufungwe! Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kama saa 4 bila stima yoyote, na friza iliyojaa hadi saa 48.

Dawa je? Alfajiri mama aliitia ndani ya kopo lenye kifuniko, akaliweka kwenye mtungi wa maji, kama nyanya alivyokuwa akihifadhi maziwa.

Majirani bado huja na simu zao. Nimewatengea wati-saa 100 katika hesabu mpya, friji ikabakiwa na saa 8. Televisheni ndiyo iliyokosa nafasi, na ndugu yangu hajanisamehe.